Gamba la Mbele

Ukiingia nyumbani kwa Mzee Jalada, harufu ya uwanga wa kubandikia karatasi ilikupokea kabla ya mwenyeji. Sebule yake ndiyo iliyokuwa karakana. Meza ndefu ilijaa katikati, na mgeni alikaa alipopata, mgongo ukutani na magoti yakigusa marundo ya karatasi. Jina la Jalada hakupewa na wazazi wake. Watu walimpachika kwa sababu ya kazi yake ya kujalidi vitabu, na katika mji ule alikuwa amebaki peke yake anayeifanya kwa mkono. Mashine zilipokuja, mafundi wenzake walihamia kwenye viatu na simu. Yeye akabaki na sindano zake, donge la nta ya kulainisha uzi, mfupa wa kukunjia karatasi, na shinikizo la chuma ambalo mpini wake ulikuwa umelika kwa viganja vya watu watatu: mwalimu wake, yeye mwenyewe, na binti yake.

Habari hii ni ya kitabu, lakini siwezi kukieleza kitabu kile nisipoanza na huyo binti.

Mungu alimjalia yeye na mkewe mtoto mmoja tu, baada ya miaka tisa ya kuulizwa na majirani. Tangu akiwa na miaka minne, baba yake alipofika mahali pa kufunga fundo la uzi alimwita, "Njoo uniwekee kidole." Mtoto alikuja mbio, akaweka kidole chake juu ya fundo la kwanza lisilegee mpaka la pili likazwe. Ndipo wakamwita Kidole, na jina likamganda. Alikua mezani pale. Akiwa na miaka kumi na tisa alikuwa anashona kurasa vizuri kuliko baba yake, ila kukunja alikuwa na haraka.

Asubuhi moja ya mwezi wa mvua, alikutwa amekufa ndani ya shimo la mtaro, ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wao. Mfuniko wa chuma wa shimo lile ulikuwa umelala pembeni. Baraza la mji, lenye mitaro yake, lilitoa karatasi kabla jua halijatua: "Marehemu alifunua shimo mwenyewe, akajitosa." Saini hapo, muhuri hapo.

Mzee wa ibada aliisoma karatasi ile, akaikunja, akairudisha. Akasema hawezi kumwombea mtu aliyejitoa roho kwa mkono wake. Basi Kidole alizikwa nje ya ua wa makaburi, kwenye magugu, bila neno hata moja la sala. Ilisikika sauti ya sepetu tu.

Mama yake alianza safari za barazani wiki iliyofuata. Alikuwa na ombi moja, naye hakulibadilisha kwa miaka kumi na moja. "Sitaki fidia, sitaki pole," aliwaambia. "Karatasi ile ni ya uongo. Irekebishwe, mwanangu aombewe." Alikwenda kwa miguu mpaka miguu ikavimba, halafu akaandika barua. Kila aliyemwona njiani alimjua: yule mama wa aliyejitosa.

Mzee Jalada hakwenda naye hata mara moja. Watu walidhani ni kiburi cha wanaume. Haikuwa hivyo. Asubuhi ile, kabla Kidole hajatoka, alikuwa amekunja kinyume rundo zima la kurasa, kazi ya wiki mbili ikaharibika. Baba yake alimtazama, akamwambia, "Bora ningezaa jiwe. Jiwe lingenisaidia kukandamiza karatasi." Kidole aliuweka mfupa mezani polepole, akatoka. Mzee alijua kwamba mfuniko ule huinuliwa na wanaume wawili, lakini alijiambia, mwenye uchungu hupata nguvu asizokuwa nazo. Kwa hiyo mkewe alipopigana na karatasi ya baraza, yeye moyoni aliiamini. Neno lile hakumwambia mtu. Aliishi nalo kama mtu anayeishi na mwiba chini ya kucha.

Mwaka wa kumi na moja, karani wa baraza alibisha hodi. Alikuwa mtu mnene mwenye viatu vinavyong'aa, akakaa kwenye ncha ya kiti akiogopa uwanga usimshike suruali.

"Mzee wangu, baraza linatimiza miaka hamsini. Tunataka kitabu cha viapo. Si daftari, kitabu chenyewe. Mtu akikiona, hata kikohozi kimkatike."

"Madiwani wataapa kwacho?"

"Mkono juu ya gamba la mbele, hadharani. Kisha kila mmoja anatia saini ndani."

Mke wa Mzee Jalada alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. "Na wakishaapa, wanafanya nini?"

"Wanakula, mama," karani akasema, akacheka peke yake.

Mzee Jalada alitaka kukataa. Mkewe akamwahi. "Atakitengeneza. Lakini karani, na sisi tuna neno letu."

"Nalijua neno lenu. Kila karani anayekalia ofisi ile anarithi kiti, funguo na barua za mama huyu." Akajifuta jasho. "Tengenezeni kitabu. Siku ya sherehe Mwenyekiti atakuwa na moyo mweupe. Nitamnong'oneza, faili la binti lifunguliwe upya. Naahidi."

Alipokwenda zake, mama wa Kidole alikaa chini pale pale mlangoni. Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia "naahidi".

Siku ya pili yakaja magunia matatu. Mwenyekiti alikuwa amependa magamba ya kitabu yatengenezwe kwa karatasi kuukuu za baraza lenyewe, miaka hamsini ya kazi ikae ndani ya kitabu. Alikuwa ameshalitia jambo hilo kwenye hotuba. Karani aliteremsha magunia akipiga chafya. "Mle hamna kitu, mzee. Uchafu mtupu tuliotoa stoo."

Gamba la kitabu cha kizamani si ubao. Ni karatasi juu ya karatasi, kila moja imepakwa uwanga wa ngano, zikabanwa, zikaachwa zikauke taratibu mpaka zikawa kitu kimoja, ukikigonga kwa kifundo cha kidole kinalia kama mlango. Katika uwanga Mzee Jalada alitia mrututu kidogo, ile chumvi ya buluu, mende na mchwa wasije wakala viapo vya watu. Na katika kazi hiyo alikuwa na sheria aliyoachiwa na mwalimu wake: fundi akianza kusoma karatasi, kitabu hakiishi. Kwa hiyo hakusoma. Alipima unene kwa kidole gumba, akatazama karatasi imelalia upande gani, akapaka, akabandika. Mkewe alikaa kando yake akimpa moja moja. Yeye ndiye aliyechomoa pini zenye kutu na kuzitenga zilizochanika, maana karatasi iliyochanika huacha bonde ndani ya gamba. Zile za kuchanika alizitia kapuni za kuwashia moto.

Gamba la mbele lilichukua karatasi thelathini na mbili. La nyuma alilitengeneza peke yake, kwa kuwa siku hiyo mkewe hakuweza kushuka kitandani.

Alikunja, akashona. Alipofika kwenye mafundo aliyakaza kwa meno, kama alivyozoea tangu binti aondoke. Akavisha ngozi nyekundu iliyokolea, akaipiga herufi kwa chuma cha moto, akaisugua nta mpaka ikaonyesha uso wa mtu. Kilikuwa kitabu kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Ilikuwa Jumatano. Sherehe ilikuwa Jumamosi.

Asubuhi hiyo ya Jumatano mkewe alikuwa jikoni akiwasha moto wa chai. Alichukua karatasi kutoka kapuni, akaikunja, akaisogeza kwenye kiberiti. Akasita. Mama huyu alisoma shule ya msingi tu, na kusoma kwake kulikuwa kwa kufuata mstari kwa kidole, lakini maneno mengine hujisoma yenyewe.

"Baba," akaita. "Njoo usome hapa, au macho yananitania."

Ilikuwa karatasi ya kupigwa taipu, imechanika pembe.

"Ripoti ya msimamizi wa mitaro kwa ofisi ya karani," Mzee Jalada akasoma. "Kuhusu shimo lililo mkabala na nyumba ya fundi wa kujalidi vitabu. Mfuniko wa chuma wa shimo hilo umeondolewa kwa amri ya ofisi, ukapelekwa kufunika shimo la lango la baraza kwa ajili ya ugeni. Nilipinga kwa mdomo, sasa napinga kwa maandishi. Hivi leo shimo limezibwa kwa..."

"Soma."

"Imeishia hapo."

"Limezibwa kwa kitu gani?"

"Imeishia hapo, mke wangu. Inaendelea ukurasa wa pili."

Tarehe iliyokuwa juu ilikuwa siku tisa kabla ya kifo cha Kidole. Mama akaishika pembe iliyochanika, akaigeuza, akakumbuka. Zilikuwa karatasi mbili kwenye pini moja. Ya juu ilikuwa imechanika, akaitia kapuni. Ya chini ilikuwa nzima.

"Ya chini nilikupa wewe," akasema.

"Siku gani?"

"Siku niliyokaa nawe. Gamba la mbele."

Wote wawili wakageuka. Kitabu kilikuwa kimelala mezani chini ya kitambaa cheupe, kama maiti ya mtoto.

Nitasema ukweli juu ya Mzee Jalada, kwa sababu Mungu anaujua. Hakuogopa kuharibu kazi yake kama alivyoogopa kuusoma ukurasa ule. Ikiwa shimo lilizibwa kwa mfuniko mwingine wa chuma, au kwa zege, basi ni kweli Kidole alilifunua kwa mikono yake, naye alijua ni neno gani lililompa nguvu. Bila ukurasa ule alikuwa bado na shaka, na mtu huweza kuzeeka ndani ya shaka.

"Sherehe ni Jumamosi," akasema. "Nikikichana, karani hatafungua faili."

"Faili lipi, baba? Si lilikuwa kwenye gunia?"

Mzee Jalada akaushika ukingo wa kitambaa cheupe.

"Miaka kumi na moja mwanangu yuko kwenye magugu," mkewe akasema, wala hakupandisha sauti. "Miguu yangu hii unaiona. Sitaweza kwenda barazani tena. Kama wewe huwezi, nipe kisu, nitaharibu mimi."

Mzee alikitwaa kisu mwenyewe. Alibandua karatasi ya ndani ya gamba, akainua ngozi kwenye kingo kidogo kidogo isipasuke, akakata kamba zilizolishika gamba na mgongo wa kitabu. Lilipotoka, alilibeba kwa mikono miwili mpaka uani, akalilaza kwenye beseni la maji ya vuguvugu.

Uwanga una huruma. Gundi ya dukani ikishashika imeshika, lakini uwanga ukiulowesha na ukawa na subira, unaachia. Maji yakageuka buluu kwa mrututu. Adhuhuri pembe za gamba zilianza kufunguka kama magome. Wakaketi kila mmoja upande wake wa beseni, wakaanza kubandua.

Ya kwanza ilikuwa hati ya mifagio. Ya pili, mahudhurio ya kikao. Ya tano, orodha ya mbwa waliouawa. Kila moja waliianika kwenye kamba ya nguo. Ya kumi na moja iliandikwa kwa kalamu, na wino ulikuwa umeyeyuka wote ukabaki ukungu, lakini mama aliijua kwa namna mistari ilivyopanda juu kila ikifika mwisho. Ilikuwa barua yake. Akaianika pamoja na nyingine.

Ndipo mikono ya Mzee Jalada ikasimama majini.

"Mke wangu, kuna neno sijakwambia. Asubuhi ile..."

"Bandua, karatasi zisioze."

"Nilimwambia neno baya. Nilimwambia bora ningezaa..."

"Jiwe," mkewe akasema.

Mzee akamtazama.

"Nilikuwa jikoni, baba. Ukuta huu ni wa mabati." Aliinua karatasi ya kumi na tano, akaitazama, akaiweka kando. "Nilisikia. Nimekaa nalo kama wewe. Kila mwaka nilisema, mwaka huu ataniambia. Nilikuwa nakungoja."

"Kwa nini hukunitupa?"

"Ningekwenda wapi? Na wewe ndiye pekee mwingine aliyekuwa akimlilia." Kisha akaongeza, na sauti yake haikuwa laini, "Lakini usidhani sikukuchukia. Kuna miaka nilikupikia huku nakuchukia."

Wakaendelea kubandua.

Ilikuwa ya ishirini na tatu. Mzee aliitambua kwa tundu la pini lenye kutu. Wino wa taipu haukuyeyuka, kwa kuwa wino huo hauogopi maji. Alijaribu kusoma, midomo ikagoma. Mkewe akaichukua, akaitandaza kwenye ubao, akaufuata mstari kwa kidole chake.

"Maboksi mawili ya karatasi, na juu yake pamemwagwa mchanga ili pasichukize macho ya wageni. Boksi halibebi mtu. Mvua zikianza litalowa, na anayepita hapo hatajua kama anakanyaga shimo. Naomba mfuniko urudishwe kabla hajafa mtu."

Chini, mahali pa saini, palikuwa na doa la buluu. Mahali pa muhuri palikuwa na wekundu uliosambaa kama jeraha linalopona vibaya.

Mzee Jalada alikaa chini uani, kwenye maji yaliyomwagika. Mtu mzima aliyeshika karatasi miaka arobaini, hakuhitaji kuelezwa boksi hufanya nini kwenye mvua.

"Basi alikuwa anakwenda zake tu," mkewe akasema. "Alikuwa anavuka barabara." Akarudia tena na tena, mpaka ikawa kama anamwambia mtu mwingine asiyeonekana pale. Kumbe mfuniko ulirudishwa siku ile ile ya kifo, ukalazwa pembeni ya shimo kama shahidi wa kukodiwa.

Alhamisi walitengeneza gamba jipya kwa karatasi zilizobaki. Siku moja haitoshi kukausha gamba, hata mwanafunzi wa fundi analijua hilo. Mzee alilipiga pasi, akaliweka juani, akalibana, lakini moyo wa gamba ulikuwa bado mbichi. Aliporudi kulifunga kwenye mgongo wa kitabu, alifunga fundo la kwanza akainama kulikaza kwa meno. Mkewe alinyoosha mkono, akaweka kidole. Mzee akakaza fundo la pili. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Ijumaa alikibeba kitabu barazani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupita lango lile tangu msiba. Alikanyaga mfuniko wa chuma pale langoni bila kukusudia, ukalia, akasimama juu yake kwa muda.

Karani alikipapasa kitabu. "Mzee, hapa umefika. Hapa umemaliza kazi."

"Gamba la mbele ni bichi," Mzee Jalada akasema. "Lilazeni chini ya kitu kizito. Na soma hizi."

Karani alisoma karatasi mbili. Alizisoma mara ya pili. Shingo yake ilitoa jasho.

"Umezitoa wapi?"

"Kwenye gunia lako."

"Hii haina saini, mzee. Wala muhuri hausomeki."

"Vilikuwepo. Maji yameviosha."

"Vilikuwepo ni jana. Karatasi bila saini na muhuri ni ya kufungia karanga." Akazikunja, akavuta mtoto wa meza. "Niachie. Nitaona la kufanya baada ya sherehe."

Mzee Jalada aliweka kiganja chake kwenye mtoto wa meza kabla haujafungwa. Kilikuwa kiganja kilichosukuma shinikizo la chuma maisha yake yote.

"Uliniambia mle hamna kitu. Uchafu mtupu."

"Mzee..."

"Basi nirudishie uchafu wangu."

Walitazamana. Nje wafanyakazi walikuwa wanapanga viti na kugombana juu ya vitambaa. Karani akazitoa karatasi, akazisukuma juu ya meza kwa ncha za vidole. "Ukitoka hapa na hizo, usitegemee nimnong'oneze mtu. Rejesta ya vifo itabaki ilivyo."

"Imebaki ilivyo miaka kumi na moja," Mzee akasema. "Imezoea."

Kutoka hapo hakurudi nyumbani. Alikwenda kwa mzee wa ibada, yule yule. Alikuwa amezeeka, mkono mmoja wa miwani yake umekatika na kufungwa kwa uzi. Alizipokea karatasi mlangoni, akasoma akiwa amesimama, kisha akatafuta mahali pa kukaa.

"Mwaka ule uliniletea karatasi nyingine," akasema.

"Ndiyo."

"Ilikuwa na muhuri."

"Hii ilikuwa nao pia. Niliuosha mimi, nikitafuta maneno."

Mzee wa ibada alivua miwani. "Siku ile niliuliza karatasi, fundi. Sikuja kulitazama shimo. Kutoka hapa mpaka kwako ni mwendo wa kumaliza sala fupi, na mimi sikuja." Alikaa akiitazama mikono yake. "Mama yake alikuja kwangu mara ngapi?"

"Sijui. Mimi sikuwa nafuatana naye."

"Basi tuko wawili," mzee wa ibada akasema. "Njooni Jumatatu asubuhi."

Jumamosi baraza lilisherehekea. Mama mfagiaji wa pale, jirani yao, ndiye aliyewasimulia. Ukumbi ulijaa, joto likapanda, na lile gamba bichi likaanza kujikunja. Diwani wa kwanza aliapa vizuri. Wa tatu alipoinua mkono wake, gamba lilimfuata likainuka lenyewe, kitabu kikabaki kimeachama mbele ya watu. Likasukumwa, likainuka tena. Watu wakacheka kwa kuficha midomo. Mwishowe Mwenyekiti aliagiza jiwe la kuzuilia mlango, likafunikwa kwa kitambaa, likawekwa juu ya gamba, na waliobaki wakaapa mikono yao juu ya jiwe. Mzee Jalada alipolisikia neno jiwe aliinuka akatoka uani. Mfagiaji alidhani amekasirikia kazi yake.

Jumatatu walikuwa wanne tu kaburini: mzee wa ibada, mama, baba, na mfagiaji aliyemshika mama mkono kwa ajili ya miguu. Walifyeka magugu kwanza. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Mzee wa ibada aliomba sala yote ya maziko tangu mwanzo, bila kukata hata maneno yanayosemwa kwa aliyekufa leo. Kabla ya kumaliza, aliomba msamaha kwa sauti, akamtaja Kidole. Mama hakulia. Alisimama ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza iwapo mlango umefungwa vizuri. Walipogeuka kuondoka alisema tu, "Amesubiri sana mwanangu," na mvua ikaongezeka.

Mzee wa ibada aliahidi kwamba ua wa makaburi utasogezwa ulizungushe kaburi lile. Alifariki kabla ya mavuno, Mungu amrehemu, na ua uko pale pale ulipokuwa. Rejesta ya baraza inasema hadi leo kwamba alijitosa. Kazi ya baraza Mzee Jalada hakuipata tena, na kwa kuwa waliokuwa wakileta kazi wengi walitoka huko, sebule ikabaki na nafasi za kukaa.

Kitabu cha mwisho alichojalidi kwa ngozi kina karatasi mbili. Alizikausha, akazitia pembezoni karatasi nyeupe ili zishoneke, akazivisha magamba mawili aliyoyaacha yakauke mwezi mzima chini ya shinikizo. Hakina saini wala muhuri, lakini kinafungika. Kiko juu ya meza ndefu, na anayeingia, hata aliyekuja kuomba chumvi, mama humketisha na kumsomea. Husoma taratibu, akifuata mstari kwa kidole, neno kwa neno, msimamizi wa mitaro anapinga kwa mdomo, anapinga kwa maandishi. Akifika kwenye boksi, kidole husimama. Hapo humtazama mumewe, naye Mzee Jalada, kutoka upande wa pili wa meza, humalizia maneno yaliyobaki kwa kichwa, bila kutazama karatasi.